Damu Ile Ilikuwa Yako

Gongoni, Tabora.

Kwako mdogo wangu mpendwa Idi,

YAH: OMBI LA UAMUZI WAKO KABLA RUFAA HAIJASIKILIZWA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, na najua utakicheka kabla hujasoma mstari wa pili. Shikamoo yako aliyoniletea wakili nimeipokea, marahaba. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu, na shemeji yako anakusalimu. Madhumuni ya barua hii ni kukuomba uamue jambo moja ambalo hakuna jaji, wakili wala ndugu awezaye kuliamua kwa niaba yako. Nimejaribu kuanza na ombi lenyewe, nikachana karatasi na kuanza upya, nikachana tena. Kwa hiyo niwie radhi nikipitia mbali.

Karatasi hizi zinakufikia kwa mkono wa wakili, ambaye anayo ruhusa ya kukuletea maandishi yasiyosomwa getini. Hata hivyo, sitamtaja marehemu kwa jina. Utamjua. Namhifadhi kwa heshima ile ile unayomhifadhi wewe, ingawa nimeanza kuchoka nayo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania pale barazani, jirani na mahakama, nilipokuwa nikiwaandikia watu maombi yao? Ulikuwa unapita na madebe mapya yamefungwa nyuma ya baiskeli, yakigongana kwa kelele barabara nzima, unasimama na kuniuliza mbele ya wateja, "Kaka, hivi ukimwomba shemeji chumvi, unaweka na kumbukumbu namba?" Nami nakujibu kwamba ombi lisilo na mpangilio halisomwi. Wateja wanacheka, unaondoka. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Lugha hii niliiokota katika majalada yaliyotupwa na maofisi, nikaisafisha mwenyewe, na sijaionea haya. Wewe hukuipenda. Ulipenda bati, nyundo na risasi ya kuunganishia. Na ulipenda kazi nyingine ya baba, ile ambayo mimi niliikimbia.

Baba alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu, na kabla yake babu. Nilijaribu mara moja tu, nikatoka nje ya pazia nikitapika, naye hakunilaumu. Akakuita wewe, mdogo, nawe ukakaa. Nakumbuka tulipopanda naye treni kwenda Kigwa kumwosha binamu yake, mtu ambaye ukoo mzima ulijua tabia zake na namna alivyowatesa watoto wake. Mimi nilibaki nje na wanaume wengine. Mlipotoka, shangazi alimsogelea baba akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwonaje?" Baba akajibu, "Alikuwa msafi." Njiani kurudi nilimwuliza baba kwa nini alidanganya. Akasema hakudanganya, alimwosha, na mtu aliyeoshwa ni msafi. Wewe ulikuwa umelala begani kwake, au nilidhani umelala.

Jambo jingine alilokufundisha nalijua kwa sababu ulikuwa ukinisimulia: vidole vya maiti havilazimishwi kufunguka. Mwosha huvua kitambaa alichovaa mkononi, akaweka kiganja chake kitupu juu ya ngumi ya marehemu, akasubiri joto lake liingie, kisha akafungua kidole kimoja kimoja. Siku hizi wanagawa glovu, nawe ulizivaa kwa kazi yote isipokuwa hiyo. Ulisema mpira hauna joto.

Sasa naingia katika yale yaliyotupata. Unayajua, lakini nataka uyaone jinsi yalivyopangwa na watu wengine.

Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa asali, mtu wa safu ya mbele msikitini, na wewe ndiye uliyemtengenezea madebe miaka yote. Mligombana sokoni. Aliinua debe mbele ya watu akasema, "Fundi gani wewe, debe linatoka jasho?" Ukamjibu, "Debe langu halitoki jasho, mzee. Mtazame aliyelibeba." Watu wakacheka, naye akapandwa na hasira akakwambia usikanyage tena kwake. Ukasema, "Nitakuja siku ambayo hutaweza kunifukuza." Soko zima lilicheka tena, kwa sababu hakuna asiyejua kazi yako ya pili, muuza mchele mmoja hata alikwambia, "Idi, mimi usinisugue sana, nina mtekenyo." Baadaye, maneno hayo yalisomwa mahakamani na shahidi asiyecheka, mbele ya watu wasiojua mwosha wa Gongoni ni nani. Niliyasikia jinsi walivyoyasikia wao.

Alikutwa asubuhi ghalani kwake, chini ya ngazi. Familia ilisema ameanguka, presha imempanda. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu, na walioitwa kumwosha ni wewe na Mzee Rajabu aliyekuwa akikumiminia maji. Nilikuwa makaburini. Nilikuona umebeba jeneza kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeufunga kitambaa cheupe. Nikakuuliza. Ukasema, "Nimejikata kidogo, kaka." Nikakuuliza tena, kwa ujinga ule ule wa shangazi, marehemu alikuwaje. Ukasema alikuwa msafi.

Kisha akaja kijana wake mkubwa kutoka Dar es Salaam, ambaye hakuwahi mazishi. Akasikia habari za ugomvi wa sokoni. Akaomba kaburi lifunguliwe, na likafunguliwa. Daktari akaona kichwa kimepasuka kwa kitu butu. Akaona na mikato midogo katika kiganja cha marehemu. Chini ya kucha na katika pamba aliyowekewa mkononi wakapata damu isiyokuwa yake. Polisi walipokuchukua, wakapiga picha kovu la mkono wako. Baada ya hapo, mdogo wangu, hapakuwa na mtu aliyehitaji kufikiri. Mikato ya kiganjani ikawa ya mtu aliyejikinga. Damu ya kuchani ikawa ya mtu aliyekwaruzwa. Kovu likawa la muuaji.

Namkumbuka yule mtaalamu wa maabara, mama mwenye sauti ya taratibu. Alieleza habari za vinasaba vizuri kiasi kwamba hata wauza maji waliosimama mlangoni walielewa. Alitaja namba yenye sufuri nyingi, akasema damu ile ni yako. Wakili wetu akamwuliza, "Je, iliingia pale kabla ya kifo au baada yake?" Akajibu bila kusitasita, "Kipimo hakisemi lini. Kinasema ya nani." Wakili akauliza kama yawezekana iliingia wakati wa kuoshwa. Akasema yawezekana, iwapo kuna mtu wa kueleza ilivyoingia. Kisha nadhani alikutazama wewe. Wote tulikutazama wewe.

Daktari naye aliulizwa kama pasuko la kichwa laweza kutokana na kuanguka juu ya ukingo wa pipa. Alisema inaelekea ni pigo, lakini hawezi kukataa. Hilo neno "inaelekea" nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa nimekaa benchi la nyuma. Nilipoisoma hukumu, lilikuwa limeshakuwa "imethibitika." Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote, na sijapata kuona neno likisafiri umbali huo bila kushuka popote.

Ukapanda kizimbani. Ukasema ulimwosha. Wakili wa serikali akakuuliza, kwa upole hata, "Ulipomwosha uliona nini mwilini mwake?" Ukasema, "Nilichokiona juu ya maiti si changu kukisema." Akakuuliza ulijikata na nini. Ukakaa kimya. Mzee Rajabu alikuwa ameshafariki kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Mimi nilitoa ushahidi wa kile kitambaa cha mkononi, nikaambiwa kwamba mimi ni ndugu wa mshtakiwa. Jaji hakuwa mtu mbaya. Alipewa damu, akapewa na ukimya, akajumlisha.

Hukumu inasema kunyongwa. Wakili ananiambia adhabu hiyo haitekelezwi siku hizi, kwamba utakaa tu. Anadhani ananifariji.

Mimi sina ugomvi na maabara. Nilikuwa nao mwaka wa kwanza. Niliandika malalamiko marefu kwa kila ofisi niliyoijua anwani yake, nikadai sampuli zilichanganywa, nikadai mashine ni mbovu, nikadai mambo ambayo sikuwa na ushahidi nayo. Sasa nasema tofauti. Damu ile ilikuwa yako. Walisema kweli. Waliulizwa swali moja wakalijibu sawasawa, na jibu hilo likavalishwa maswali mengine ambayo hawakuulizwa. Aliyekuwa na majibu ya maswali hayo ni wewe, nawe hukutaka.

Nilikaa na hayo hadi mwezi uliopita. Ndipo mjane wa marehemu aliponitumia mtu wa kuniita.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, karani. Umekuja na karatasi?"

"Sikuja nayo, Bi Mkubwa."

"Basi leo unaumwa. Kaa."

Nikakaa. Akaendelea kuchambua mchele kwa muda, akitoa vijiwe na kuvitupa pembeni. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mdogo wako hajambo huko?"

"Amekonda."

"Hajasema?"

"Hajasema nini, Bi Mkubwa?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Kwamba mume wangu alikuwa anakunywa."

Idi, nilikuwa sijui. Nathibitisha kwamba sikuwahi kukisikia kitu kama hicho katika mtaa huu, na mtaa huu hausitiri hata homa. Akanieleza pole pole. Marehemu alikuwa akitengeneza pombe ya asali mwenyewe, ghalani, akiificha nyuma ya mapipa, akinywa peke yake baada ya sala ya isha. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye mkewe. Asubuhi ile ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi, kichwa kimepiga ukingo wa pipa, chupa imepasuka mkononi mwake, na harufu imejaa ghala. Kabla hajapiga ukelele wa kuita watu, alifungua madirisha, akafagia vipande, akamwaga maji ya karafuu sakafuni.

"Kimoja sikukipata," akasema. "Alikuwa amekishika ndani ya ngumi. Nilijaribu kumfungua vidole nikashindwa. Nikasema, Idi atakiona. Na Idi ni mtoto wa baba yake."

Dirisha la chumba chake linatazama mahali mlipotundika pazia. Anasema pazia lilikuwa na mwanya. Alikuona umevua glovu na kuweka mkono juu ya ile ngumi, ukasubiri. Akakuona umeshtuka na kuuvuta mkono unatiririka damu. Akakuona umetazama huku na huku, ukakidondosha kitu kinachong'aa ndani ya shimo la josho, lile linalopokea maji ya kuoshea maiti, halafu ukajifunga mkono kwa kipande kilichobaki cha sanda. Mzee Rajabu alikuwa amegeuka kuchota maji. Jioni shimo likafukiwa, kama yanavyofukiwa yote.

Nikamwuliza swali ambalo hata wewe ungeliuliza. Kwa nini hakusema?

"Nilidhani watamwachia," akasema. "Nilijua hakufanya kitu, nikadhani asiyefanya kitu wanamwachia. Sikujua damu inaweza kumshitaki mtu peke yake." Akasukuma ungo pembeni. "Na mwanangu ndiye aliyefungua kaburi. Nimwambie nini? Kwamba alilolitafuta ni chupa?"

Sikumlaumu mbele yake. Nilimlaumu njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa maneno ambayo sijazoea kuyatumia.

Nilimwuliza kama yuko tayari kuyasema hayo kwa kiapo. Akasema yuko tayari, na kwamba halali usingizi. Lakini ameweka sharti, na sharti hilo ndilo limenifanya niandike. Hatatangulia. Anasema mwili ule ulikabidhiwa kwako kuufunika, na yeye hawezi kuwa wa kwanza kumvua mumewe mbele ya watu wakati mwosha wake bado amemfunika. Ukisema wewe, atathibitisha neno kwa neno, na atawaonyesha mahali pa kuchimba. Aliinuka akanionyesha. Ni pembeni mwa ukuta wa choo, udongo umetitia kidogo. Hajapanda kitu hapo.

Wakili ameyasikia. Anasema kuongeza ushahidi katika rufaa ni kazi ngumu, lakini viapo viwili vinavyokubaliana, pamoja na kipande cha chupa kilichotolewa shimoni na kupelekwa kupimwa, vinaweza kufungua mlango. Pengine damu mbili bado zimeshika kwenye kioo, yako na yake. Pengine maji na udongo vimeshazila. Hakuna anayejua mpaka kipimwe. Angalia nilipofikia: mtu niliyeilalamikia maabara kwa ofisi zote za nchi, sasa nataka kile kipande kiende kwa mama yule yule, na safari hii naomba aulizwe swali lililokamilika.

Nilikwenda pia kwa mwalimu wa madrasa, kwa siri, bila kutaja mtu. Nilimwuliza mwosha afanye nini. Alisema kusitiri aibu ya maiti ni amana, na kwamba mtu aliye hai akidhulumiwa kwa sababu ya amana hiyo, amana haimlazimishi kuangamia. Nikamwuliza kama hayo ni hakika. Akasema kwa elimu yake ndiyo, lakini yeye hajawahi kuosha.

Nimeandaa kiapo kifupi. Nimekiandika kwa uangalifu kuliko chochote nilichopata kuandika. Ndani yake hakuna neno pombe, hakuna neno harufu. Kinasema kwamba kiganjani mwa marehemu mlikuwa na kipande cha chupa, kwamba kilikukata ulipofungua vidole vyake, kwamba ulikidondosha katika shimo la josho. Yote ni habari ya mkono wako. Lakini sitakudanganya. Wakili wa serikali atauliza chupa ilikuwa ya nini, na itakubidi ujibu, na siku hiyo watu wa Gongoni watajua. Watoto wake watajua. Wapo watakaosema mwosha Idi amemvua mtu sanda ili ajiokoe. Nimewasikia wakilisema hilo kichwani mwangu tayari, na baadhi yao ni watu ninaoswali nao.

Siku hizi akifa mtu mtaani wanaita vijana kutoka mtaa mwingine. Wanafanya haraka, wanavaa glovu hadi kwenye kiwiko. Sina la kuwalaumu. Karakana yako nimeifunga. Nyundo nimezipaka mafuta ya taa zisishike kutu. Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, na wateja wengi wamehamia kwa kijana mwenye kompyuta karibu na stendi ya mabasi. Nimepunguza safari za kuja kukuona, kwa sababu magoti yananikataza kusimama ule mstari wa nje, si kwa sababu nyingine. Nikikuona umekonda, huwa narudi nyumbani na maneno yote niliyokuja nayo.

Kwa muda mrefu nilidhani unanyamaza kwa kiburi. Nimekutetea kwa watu huku nikikukasirikia moyoni. Sasa najua ulinyamaza kwa ajili ya nani, na hasira haijaondoka. Imebadilika tu mahali pa kukaa. Ulimpa mtu aliyekufukuza sokoni kitu ambacho hakuna mtu mwingine angempa. Umeshampa. Sioni kwamba anadai zaidi.

Rufaa imepangwa katika kikao kijacho cha mahakama hapa Tabora. Wakili anahitaji kiapo kabla ya kikao hicho. Baada yake hatakuwa na njia nyingine ya kukiingiza. Nimeweka alama ya kalamu ya risasi mahali pa sahihi. Ukiridhia, tia sahihi hapo mbele ya wakili, nami nitakwenda kwa Bi Mkubwa siku hiyo hiyo. Usiporidhia, mrudishie karatasi ikiwa tupu. Sitakuuliza sababu, sitaandika tena juu ya jambo hili kwa ofisi yoyote, na nitaendelea kuja kila magoti yatakaponiruhusu.

Ninachoomba ni kwamba uamuzi uwe wako mwenyewe, usiwe wa baba. Yeye hakuwahi kuhukumiwa kwa kuosha.

Naomba unijibu: ndiyo, au hapana.

Ndimi,
Kaka yako